Kliniki ya Meno Katika Njia ya Misafara

Pembe ya ndovu si pembe kama ile ya ng'ombe au ya swala. Ni jino la mbele la taya la juu, ambalo halikomi kukua, na ambalo kwa sehemu kubwa limejengwa kwa dentini, dutu ile ile iliyo chini ya gamba gumu la jino la binadamu. Kwa hiyo si mzaha kusema kwamba mji wa Tabora ulikuzwa na biashara ya meno. Katika karne ya 19 mizigo ya pembe ilikusanywa Unyanyembe kutoka Ujiji, Karagwe na Manyema, ikabebwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira, ikapita Ugogo na Mpwapwa hadi Bagamoyo, ikavuka bahari hadi Unguja. Sehemu kubwa iliishia Connecticut, Marekani, ikawa vibonyezo vya piano. Nyingine ilikwenda Ulaya kuwa vipini vya visu. Na kabla ya mpira mgumu kuanza kutumika katikati ya karne hiyo, mafundi wa Ulaya walikuwa wakichonga meno ya bandia kutokana na pembe za ndovu na meno ya kiboko.

Mji uliosafirisha meno mengi kiasi hicho haukupata, kwa muda mrefu, mahali pengi pa kutibia meno ya wakazi wake. Hata leo, mkulima wa tumbaku wa Kaliua au mrina asali wa Sikonge anayeumwa jino hufunga safari ndefu, na aghalabu humfikia mtaalamu wakati jino halina tena la kuokolewa. Katika Tanzania, tiba inayotolewa zaidi kwa jino lililooza ni kuling'oa. Kila kliniki inayofunguliwa mjini Tabora ikadumu ni meno kadhaa yanayozibwa badala ya kung'olewa. Neno la kuzingatia hapo ni kudumu. Kliniki ya meno haifi kwa sababu daktari amesahau namna ya kuziba jino. Hufa kwa deni la kodi lililolimbikizwa bila kujulikana, kwa mashine iliyoungua ikakosa fidia, au kwa mvua ya wiki moja ambayo hakuna aliyeiweka katika hesabu. Mambo hayo matatu, kodi, bima na tahadhari ya maafa, aghalabu hufundishwa mbalimbali, na wakati mwingine hayafundishwi kabisa. Wenye misafara wa zamani waliyajua kuwa ni jambo moja, kwani yote matatu yanajibu swali lile lile: hasara ikitokea njiani, ataibeba nani?

Na ichukuliwe, kwa mfano, habari ya daktari wa meno kijana aliyehitimu Muhimbili, ambako mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza mwaka 1979. Anataka kufungua kliniki ya kiti kimoja mjini Tabora, katika nyumba ya kupanga, akiwa na wafanyakazi wanne. Ana mkopo wa benki. Amekwisha kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Lau angelizaliwa miaka arobaini mapema, asingeliruhusiwa. Sheria ya Hospitali Binafsi ya mwaka 1977 ilipiga marufuku uganga wa kujitafutia faida. Hospitali za mashirika ya dini na za hisani ziliendelea, lakini daktari hakuweza kuweka kibao chake mwenyewe mlangoni. Marufuku hiyo iliondolewa kwa marekebisho ya mwaka 1991, ambayo yaliwaruhusu madaktari na madaktari wa meno wenye sifa kuendesha huduma binafsi kwa idhini ya Wizara ya Afya. Ina maana kwamba kwa miaka kumi na minne mkondo wa uzoefu ulikatika. Daktari kijana hakuwa na mzee wa kazi wa kumweleza namna ya kuendesha kliniki kama biashara, kwa kuwa mzee huyo naye alikuwa mtumishi wa serikali.

USHURU WA UNYANYEMBE

Tabora ina historia ya kodi yenye kutisha. Baada ya mtemi Fundikira kufariki mwaka 1858, utemi wa Unyanyembe ulimwangukia Mnywa Sele, ambaye katika vitabu vya wasafiri wa Kizungu huitwa Manua Sera. Mtemi huyo alitoza ushuru bidhaa zilizoingia katika nchi yake. Wafanyabiashara Waarabu wa Kazeh, yaani Tabora ya wakati huo, walikuwa wamezoea kusamehewa, wakakataa. Wakamwondoa, wakamsimika Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele hakukubali. Aliingia porini na wafuasi wake, akashambulia misafara kwa miaka kadhaa hadi alipouawa mwaka 1865. Miongoni mwa waliopoteza maisha katika vita hivyo alikuwamo Snay bin Amir, tajiri aliyempokea Richard Burton kwa ukarimu mwaka 1857. John Speke, alipopita tena mwaka 1861, alikwama Kazeh kwa miezi kadhaa kwa kukosa wapagazi, kwa sababu ya vita na njaa. Wafanyabiashara walikataa kulipa ushuru wa mlangoni, wakaishia kulipa kwa njia iliyofungwa.

Hongo nayo ilikuwa kodi. Neno hili leo maana yake ni rushwa, lakini katika njia ya misafara lilikuwa jina la malipo ya wazi, aliyotozwa mwenye msafara na mtawala wa nchi kwa kupita, kuchota maji na kuwa salama. Ugogo ndiko lilikouma zaidi. Msafara ukiisha kuvuka nyika ya Marenga Mkali, watu wakiwa na kiu, ulikuta mtawala baada ya mtawala, na kila mmoja alikuwa na kiwango chake cha nguo za merikani, shanga na waya. Ukisoma malalamiko ya wasafiri, utaona kwamba uzito wa hongo haukuwa katika wingi wake tu. Ulikuwa katika kutojulikana kwake. Majadiliano yaliweza kuchukua siku kadhaa, na katika siku hizo wapagazi walikula chakula kile kile bila kusogea hatua moja.

Daktari wa leo ana faida ambayo Burton hakuwa nayo: viwango vimeandikwa. Tatizo lake ni kwamba vimeandikwa katika sheria nyingi, na kosa la kwanza hufanywa kabla mgonjwa wa kwanza hajaketi kitini.

Kosa hilo ni la kudhani kwamba kliniki ndogo hutozwa kama duka dogo. Mwenye duka ambaye mauzo yake ni madogo anaweza kutozwa kodi ya mapato kwa kukadiria mauzo, bila hesabu zilizokaguliwa. Anayeuza huduma ya kitaalamu hayumo katika utaratibu huo, hata kama mapato yake ni haba. Daktari hana budi kuweka vitabu vya hesabu tangu siku ya kwanza, kuwasilisha makadirio yake kwa Mamlaka ya Mapato na kulipa kwa awamu nne, kila mwisho wa robo mwaka. Akiwa ameunda kampuni, kiwango ni asilimia 30 ya faida. Akifanya kazi kwa jina lake mwenyewe, viwango hupanda kwa ngazi hadi kufikia asilimia hiyo hiyo.

Robo mwaka ni kipimo cha kalenda, si cha Tabora. Fedha katika mkoa huu hutembea na tumbaku. Masoko yanapofunguliwa baada ya mavuno, watu hukumbuka meno yao. Katika miezi ya kulima na kupandikiza, mgonjwa huvumilia kwa karafuu na maji ya chumvi. Daktari anayekadiria mapato ya mwaka mzima kwa kuzidisha yale ya miezi ya masoko atalipa zaidi ya anachodaiwa, kisha atahangaika na mishahara mwezi Desemba. Anayefanya kinyume chake atakutwa na riba. Njia iliyo salama ni ya kizamani: kila jioni ya Ijumaa, sehemu ya mapato huhamishiwa katika akaunti nyingine ambayo haiguswi mpaka siku ya kulipa.

Kodi ya Ongezeko la Thamani ina mtego wa namna yake. Huduma ya matibabu, pamoja na ya meno, inayotolewa na taasisi iliyoidhinishwa imesamehewa kodi hiyo, na wengi hufurahi kusikia hivyo. Furaha hiyo inahitaji kupunguzwa. Kusamehewa si sawa na kutozwa kwa kiwango cha sifuri. Mtu anayeuza bidhaa kwa kiwango cha sifuri hurudishiwa kodi aliyoilipa katika manunuzi yake, aliyesamehewa harudishiwi. Kwa hiyo daktari akinunua samani za shilingi 1,000,000 na kuongezewa asilimia 18, zile shilingi 180,000 ni gharama yake moja kwa moja. Vivyo hivyo kwa umeme, saruji, rangi ya ukutani, na hata ada ya bima ya moto. Anayepanga bajeti ya ujenzi kwa bei zisizo na kodi amekwisha kupungukiwa karibu na sehemu moja ya tano kabla ya kuanza.

Mtego mwingine umo katika nyumba yenyewe. Mpangaji anayelipa kodi ya pango ya jengo la biashara hutakiwa na sheria kuzuia asilimia 10 ya malipo hayo na kuipeleka serikalini kwa niaba ya mwenye nyumba. Wenye nyumba wengi hawataki kusikia habari hiyo, na mpangaji mgeni huona haya kubishana na mzee aliyempa vyumba. Lakini fedha isipozuiwa, deni ni la mpangaji. Jambo hili hujadiliwa kwa heshima kabla ya mkataba kutiwa saini, wala si baada ya mkaguzi kubisha hodi.

Upande wa wafanyakazi, wanne wanaleta makato ya mishahara, michango ya hifadhi ya jamii ambayo jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ambao kwa mwajiri binafsi umekuwa asilimia 0.5 tangu mwaka 2022. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi haimhusu, kwa kuwa tangu mwaka 2021 huwagusa waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi.

Kiti cha meno chenyewe hakiruhusiwi kukatwa chote katika mapato ya mwaka kilichonunuliwa. Kwa kawaida huangukia katika kundi la vifaa vinavyopunguzwa kwa asilimia 12.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Kiti na mashine zake vikigharimu shilingi 40,000,000, mwaka wa kwanza hupunguzwa 5,000,000, wa pili 4,375,000, na kuendelea hivyo. Ni mwendo wa polepole. Katika macho ya sheria ya kodi kiti hicho kitakuwa na nusu ya thamani yake hata baada ya miaka mitano, ilhali kompresa inaweza kuwa imekwisha kufa katika mwaka wa tatu.

MKOPO SI BIMA

Neno bima lilikuja pwani kutoka lugha za Bara Hindi, na haishangazi, kwani fedha za misafara nazo zilitoka kwa wafanyabiashara wenye asili ya huko waliokaa Unguja. Aliyejulikana zaidi ni Taria Topan, aliyemkopesha Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao karibu na Tabora. Mkopeshaji alitoa nguo, shanga na bunduki. Mkopaji alirudi baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu na pembe. Hatari ya safari iliingizwa katika bei: bidhaa za mkopo ziliandikwa kwa thamani kubwa kuliko ya sokoni.

Kwa nje, utaratibu huo unafanana na bima. Mtu mwenye mtaji mkubwa anawagharimia wasafiri wengi, wachache wanaangamia, walio wengi wanarudi, na faida ya hawa inafidia hasara ya wale. Lakini palikuwa na tofauti moja kubwa. Msafara ukiporwa, deni halikuporwa. Liliendelea kumfuata mkopaji, na wako wafanyabiashara waliozeeka Tabora na Ujiji kwa sababu hawakuthubutu kurudi pwani kuonana na waliowakopesha. Mkopeshaji alijikinga kwa kuwa na wadeni wengi. Mkopaji hakukingwa na mtu.

Daktari mwenye mkopo wa benki yumo katika hali hiyo hiyo. Benki ikimtaka akate bima ya moto, inalinda fedha zake yenyewe kwanza. Kiti kikiungua, fidia huenda benki, deni hupungua, na daktari hubaki na chumba kitupu, wafanyakazi wanne na wagonjwa mlangoni. Ndiyo sababu bima ya kliniki haina budi kupangwa na daktari mwenyewe, akiangalia vitu vitatu mbalimbali: mali, kazi na dhima.

Bima ya mali hujulikana, lakini kanuni yake moja huwaumiza wengi, nayo ni kanuni ya wastani. Vifaa vya kliniki vina thamani ya shilingi 60,000,000. Mwenye navyo, ili apunguze ada, anaviandikisha kuwa ni 30,000,000, akiamini kwamba hasara yoyote isiyozidi kiasi hicho italipwa yote. Moto unaunguza vifaa vya 20,000,000. Kampuni italipa 10,000,000 tu, kwa hoja kwamba aliweka bima nusu ya mali yake, kwa hiyo nusu nyingine ya kila hasara alijiwekea mwenyewe. Hoja hiyo ni halali. Bei ya vifaa vinavyotoka nje hupanda kila thamani ya shilingi inaposhuka, hivyo hata aliyeandikisha kwa uaminifu anaweza, baada ya miaka minne, kujikuta katika kundi hilo bila kukusudia.

Bima ya kazi, yaani ya kusimama kwa shughuli, hulipa mapato yanayopotea wakati kliniki imefungwa. Hiyo nayo ina mipaka ambayo ni vizuri kuisoma mapema. Kwa kawaida hulipa pale tu ambapo pamekuwa na uharibifu wa mali iliyowekewa bima. Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, palipo na maambukizi makubwa ya ugonjwa wa UVIKO-19, matibabu ya meno yasiyo ya haraka yaahirishwe, kwa kuwa mashine ya kuchonga meno hurusha matone laini hewani. Kliniki nyingi duniani zilipoteza mapato bila kigae kimoja kuvunjika. Uingereza shauri la hati za namna hiyo lilifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2021 iliamua kwa sehemu kubwa kwa faida ya wenye bima; lakini iliamua kwa kuchambua maneno ya hati, sentensi kwa sentensi. Mwenye hati iliyoandikwa vingine hakupata kitu.

Dhima ni bima ya kosa la kitaalamu. Mshipa wa fahamu ukiguswa katika kung'oa jino la hekima na mdomo wa mgonjwa ukabaki na ganzi, fedha ya kumfidia haitoki katika bima ya moto.

Soko la bima limebadilika sana. Tangu kutaifishwa kwa shughuli hiyo mwaka 1967 hadi Sheria ya Bima ya mwaka 1996, mwananchi alikuwa na mlango mmoja tu, Shirika la Bima la Taifa. Leo kampuni ni nyingi, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Wingi huo una manufaa, lakini umeleta kazi mpya ya kusoma, kwa maana hati mbili zenye ada sawa zinaweza kutofautiana katika ukurasa wa mwisho, pale yanapoorodheshwa mambo yasiyolipwa.

Hapa kodi na bima zinakutana. Wapo wanaosema: kwa nini kumlipa mwingine ada kila mwaka? Afadhali kuweka fedha hiyo benki, ajali ikitokea itumike. Shauri hilo lina busara kwa hasara ndogo, kama vile kioo au bomba. Kwa hasara kubwa lina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba moto unaweza kutokea mwaka wa pili, akiba ikiwa bado kidogo. Ya pili ni ya kodi: ada ya bima ya biashara ni gharama inayokatwa katika mapato kabla ya kutozwa kodi, lakini akiba iliyowekwa kwa ajili ya maafa ya baadaye haikatwi. Ili kuweka shilingi 700,000 za tahadhari, mwenye kampuni anapaswa kwanza kupata faida ya 1,000,000 na kutoa 300,000 kwa kodi.

Ipo pia bima ya mgonjwa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliotungiwa sheria mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, huleta wagonjwa ambao wasingeweza kulipa taslimu, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekusudiwa kuongeza idadi yao. Hata hivyo malipo yake huja baada ya huduma, fomu zikiisha kukaguliwa, ilhali dawa ya ganzi hununuliwa leo. Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wa Mfuko kwa kutokubaliana na bei mpya. Bila kuamua nani alikuwa na haki, tukio hilo lilionyesha kwamba kliniki yenye mlipaji mmoja mkubwa inamtegemea kama msafara ulivyokitegemea kisima kimoja.

MAAFA YA TABORA NI YAPI?

Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya kwenda Ujiji. Henry Stanley, aliyekuwa Kwihara karibu na Tabora, alijiunga na Waarabu kumpiga, wakashindwa. Septemba mwaka huo aliondoka kwa njia ya kusini, akazunguka mbali, akafika Ujiji alikomkuta Livingstone. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu alikuwa na nguo na shanga za ziada. Mwenye mzigo uliopimwa kwa njia fupi tu angebaki Kwihara.

Reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilifuata kwa sehemu kubwa nyayo za misafara, na ikarithi udhaifu wake. Mafuriko ya Kilosa ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 yaliharibu njia hiyo, na safari za treni zikasitishwa. Mvua ilinyesha mamia ya kilomita mashariki. Hasara ilifika Tabora. Siku hizi malori hupunguza makali ya jambo hilo, lakini kanuni haijabadilika. Akiba ya dawa ya ganzi, glavu na vifaa vya kuzibia ipimwe kwa siku ambazo njia inaweza kufungwa, si kwa siku ambazo gari hutumia kutoka Dar es Salaam.

Maafa yanayotisha zaidi kwa kliniki ndogo huwa madogo. Ngurumo za mvua za Novemba hadi Aprili zinaweza kuunguza vifaa vya umeme vya kliniki nzima kwa sekunde moja. Kinga yake ni waya wa kutuliza umeme ardhini uliopimwa na fundi, si ule uliochomekwa tu karibu na ukuta. Maji ya Ziwa Viktoria yalifikishwa Tabora mwaka 2021, baada ya mji kulitegemea kwa miaka mingi bwawa la Igombe, lakini tangi la akiba bado ni la lazima, kwa kuwa kiti cha meno bila maji ni kiti cha kawaida. Mashine ya eksirei inahitaji kibali na ukaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomi, na ukuta wake ujengwe kwa kufuata maelekezo ya Tume kabla mashine haijanunuliwa.

Kuna hatari nyingine isiyopiga kelele, nayo inahusu kimo cha nchi. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi kuliko ya pwani, na maji huchemka yakifika kama nyuzi 96 tu za sentigredi. Umeme ukikatika na mtambo wa kutakasia vyombo kwa mvuke ukisimama, kishawishi ni kuchemsha koleo katika sufuria juu ya jiko la mkaa. Kuchemsha hakuviui viini sugu vya bakteria hata pwani, sembuse Tabora. Mtambo wa mvuke wa kupikia jikoni nao una siri yake. Joto linalotakiwa ni nyuzi 121 kwa dakika 15, na vitabu vingi husema lipatikane kwa kipimo cha ratili 15 kwa inchi ya mraba. Kipimo hicho ni cha usawa wa bahari. Kwa kuwa geji hupima tofauti kati ya ndani na nje, Tabora inahitaji ratili 17 hivi ili kupata joto hilo hilo. Mshale ukisimama kwenye 15, ndani kuna kama nyuzi 119, na vyombo vinavyoonekana vimetakata huenda havijatakata. Mitambo ya kisasa inayopima joto lenyewe haina tatizo hilo. Mitambo ya zamani ya jiko, ile inayotolewa kabatini umeme unapokatika, ndiyo inayolo. Maambukizi yatokanayo na koleo chafu ni maafa ambayo bima ya dhima inaweza kukataa kuyalipa, iwapo itathibitika kwamba kanuni za usafi hazikufuatwa.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Kliniki ya kiti kimoja haina kamati. Inachoweza kuwa nacho ni daftari. Ndani yake huandikwa kila kifaa, bei yake, tarehe ya kununuliwa na namba yake ya kiwandani. Mkaguzi wa kodi atalihitaji kwa hesabu ya uchakavu. Mpimaji wa bima atalihitaji siku ya moto. Na daktari atalihitaji anapoagiza upya. Nakala yake ikae nje ya jengo, kwa ndugu au benki, pamoja na hati ya bima, kwani hati iliyoungua pamoja na kiti humpa mwenyewe kazi kubwa ya kujieleza.

Kurasa za mwisho za daftari hilo ziwe za wagonjwa wachache wa namna moja: wale ambao jino lao limefunguliwa na mzizi kusafishwa, likazibwa kwa muda wakingojea kumalizwa. Zibo la muda hustahimili wiki chache tu. Kliniki ikifungwa kwa moto au kwa deni, wenye majino hayo ndio wa kwanza kuumia, na wengi wao wako Urambo, Uyui au Nzega, hawana habari. Jina, kijiji, namba ya simu na jino linalohusika vikiwa katika nakala iliyo nje, muuguzi anaweza kuwaita siku ile ile, na daktari wa meno wa Hospitali ya Kitete, akiwa amekwisha kuombwa mapema, akayamalizia meno hayo kabla hayajawa ya kung'olewa.